Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vitabu Tulivyosoma Viwili Viwili

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita ulipitisha kwamba tuache kusoma kitabu kimoja kimoja. Kila awamu iwe na riwaya moja na kitabu kimoja cha mambo ya kweli, vyote viwili vikigusa jambo moja. Tumemaliza awamu tatu. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema juu ya vitabu vyenyewe na mahali tulipokwama, maana kamati mpya itapanga ratiba yake kwa kufuata haya.

Awamu ya kwanza ilikuwa Peponi ya Abdulrazak Gurnah pamoja na Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani tawasifu ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara ya pembe za ndovu. Ndiyo iliyotufaa kuliko zote, na ndiyo iliyotutoa jasho. Peponi iliandikwa kwa Kiingereza ikatoka mwaka 1994. Ida Hadjivayanis akaitarjumu, na Mkuki na Nyota wakaichapa kwa Kiswahili mwaka 2022, baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Tippu Tip, kwa upande wake, aliandika mwenyewe kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, miaka michache kabla ya kufariki Unguja mwaka 1905. Toleo tulilotumia ni lile la mfasiri Whiteley, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili.

Kosa lilikuwa la ratiba. Tuliweka kurasa 40 kwa wiki kwa vitabu vyote viwili. Kwa Peponi kiasi hicho kinakwenda vizuri. Kwa Tippu Tip hakiwezekani. Sentensi zake ni fupi, lakini karibu kila moja imebeba jina la mtu, jina la mahali au idadi ya frasila (kipimo cha zamani cha uzito), na tarehe ni haba. Anayekisoma kama riwaya anapotea kabla hajafika Tabora, na wengi wetu tulipotea hivyo hivyo.

Dawa iliyopatikana ni hii, na naomba iandikwe kwenye kumbukumbu. Kwanza, kurasa zikapunguzwa kuwa 15. Pili, kila msomaji akachora karatasi ya safu tatu: jina la mtu, mji au nchi yake, na nani anamdai nani. Safu ya tatu ndiyo inayofungua kitabu. Biashara ile iliendeshwa kwa mkopo: matajiri wa Unguja kama Taria Topan walitoa mali, msafiri akaingia bara na deni mgongoni, na kila anachokitenda huko kina deni hilo nyuma yake. Tatu, kila idadi ya frasila ikageuzwa kuwa watu. Frasila moja ni ratili 35, karibu kilo 16. Mpagazi alibeba ratili 60 hadi 70, yaani kama frasila mbili. Kwa hiyo pembe za ndovu za frasila 300 zinataka wapagazi 150, bado hujahesabu wabeba vyakula na watu wa bunduki. Ukishaifanya hesabu hiyo mara moja, namba zinaanza kutembea. Unaona mstari mrefu wa watu njiani, na wote wanataka kula jioni.

Ndani ya mstari huo ndimo Gurnah anamomweka Yusuf, kijana mhusika mkuu wa Peponi, chini ya mnyapara Mohammed Abdalla. Hapo ndipo vitabu viwili vinapoanza kujibizana. Tippu Tip anasimulia vita vyake na Nsama, mtawala wa Itabwa huko bara: anashinda, anatoka na pembe tele, na hata jina lake la utani analieleza kwa mlio wa bunduki zake. Katika Peponi, msafara wa Aziz, tajiri anayemmiliki Yusuf, unafika kwa mtawala aitwaye Chatu, unavamiwa usiku, mali inachukuliwa, na mwisho anatokea Mzungu anayeamua kesi kama vile nchi ni yake. Kwa Tippu Tip mwenyeji ni kikwazo cha njiani. Kwa Gurnah, Chatu anapewa nafasi ya kueleza maovu waliyoletewa na wafanyabiashara. Aliyesoma kimoja peke yake amesikia upande mmoja wa baraza.

Kuna mambo mawili madogo katika Peponi ambayo wanachama waliyarudia kila kikao. La kwanza ni jina. Yusuf anamwita Aziz kwa jina la undugu, na Khalil, mwenzake wa dukani, anamkatalia: huyu hana udugu nawe, mwite seyyid. Mtoto amewekwa rehani kwa deni la baba yake, na neno la heshima ndilo linalofunika deni. Kwetu tunaoita kila mkubwa ami, mjomba au shangazi, ukurasa huo unauma zaidi. La pili ni shati. Mke wa Aziz anamshika Yusuf, shati linachanika kwa nyuma. Msomaji aliyesoma Sura ya Yusuf hahitaji kuambiwa ushahidi wa nguo iliyochanika nyuma unamtetea nani. Asiyeijua aisome kwanza. Ni aya 111 tu, na riwaya nzima imejengwa juu yake, bustani na ndoto zikiwemo.

Awamu ya pili tuliwaweka pamoja Adam Shafi na Adam Shafi: Kuli, riwaya ya makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948, na Mbali na Nyumbani, tawasifu yake ya kijana aliyetoka Unguja akitafuta njia ya kufika Ulaya kupitia Uganda, Sudan na Misri. Hapa kurasa 40 kwa wiki zilitosha. Sehemu za kazi bandarini ndizo nguvu ya Kuli. Unauhisi mzigo begani. Udhaifu wake, kwa maoni ya kamati, uko kuelekea mwisho, ambapo Rashidi, mhusika mkuu, anaanza kuongea kama karatasi ya chama cha wafanyakazi. Katika Mbali na Nyumbani mwandishi yule yule hahutubii. Anaeleza alikolala, alichokula, nani alimsaidia na nani alimzungusha, msomaji anajiamulia mwenyewe. Atakayevisoma aanze na Kuli. Tulioanza na tawasifu tuliiona riwaya nzito kuliko inavyostahili.

Awamu ya tatu haikukaa sawa, na lawama ni ya uchaguzi wetu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) na Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, wa Shaaban Robert, vyote vina mwanamke katikati, basi. Ukerewe ya Rosa na Fumba ya Siti havikukutana popote kwenye mjadala. Rosa Mistika iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na ukimsoma Zakaria, baba anayemchunga binti kwa kipigo, utaona kilichoogopwa si ngono peke yake. Wasifu usomwe kwa kujua kwamba Shaaban Robert anasifu na kuasa. Anayetaka habari za santuri zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 atabaki na njaa.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza Vuta N'kuvute, riwaya nyingine ya Adam Shafi, na Desturi za Wasuaheli cha Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenzake, kilichotolewa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1903. Jambo la kuviunganisha liwe ndoa: Yasmin anaozwa kwa Bwana Raza akiwa binti mdogo, na Desturi inaeleza posa, mahari na harusi hatua kwa hatua. Someni sura za ndoa za Desturi kabla ya kufungua riwaya. Kiswahili chake ni cha Mrima, yaani pwani ya bara, cha zamani, hivyo wiki mbili za mwanzo ziwe kurasa 15 tu, na kila mtu aje na orodha ya maneno asiyoyajua.

Nakala ya Tippu Tip tuliyo nayo ni moja, jalada limeanza kuachia. Aliye nayo sasa aikabidhi kwa katibu leo kabla hatujatawanyika, ipelekwe kushonwa.