Figo za Dada Zuhura

Dodoma, Jumapili

Mpendwa Rehema,

Habari za huko Dar? Barua yako nimeipata, na tangu niisome dada Zuhura hanitoki moyoni. Kumbe ataanza mionzi pamoja na dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, kila wiki pale hospitali ya Ocean Road, na mama mkwe wake kamtisha kwamba dawa hiyo inaua figo. Nakujibu kama rafiki, na kama muuguzi ambaye dripu hiyo naijua vizuri.

Hofu ya mama mkwe ina msingi. Sisplatini inatokana na madini ya platinamu, na ilipoanza kujaribiwa kwa wagonjwa miaka ya 1970 nusura iachwe kwa sababu ya figo. Kilichoiokoa ni maji: mgonjwa akipewa maji ya chumvi ya kutosha kwenye mshipa, madhara yanapungua sana. Mwaka 1978 ikaruhusiwa Marekani, na mpaka leo inatibu saratani ya shingo ya kizazi kama hii ya dada.

Figo ndizo zinazoitoa dawa hii mwilini. Humo mna mirija myembamba mno, na seli za mirija hiyo huivuta dawa na kuilimbikiza kupita kiasi kilichomo kwenye damu. Seli zinaumia, nyingine zinakufa, na madini ya magnesiamu ambayo ingerudi kwenye damu inapotelea kwenye mkojo. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba mkojo unaweza kutoka kama kawaida huku figo zinaharibika. Kwa hiyo dada asije akasema "mbona nakojoa vizuri?" akaruka kipimo cha damu. Kreatinini, taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, ipimwe kabla ya kila dripu, hata foleni ikiwa ndefu.

Siku ya dawa maji hutangulia, inafuata dawa, kisha maji tena, mara nyingi yakiwa na magnesiamu. Nimeona wagonjwa wakiomba chupa ya mwisho ya maji itolewe ili wawahi gari. Rehema, usikubali. Kaa naye mpaka iishe. Ila kama ana shida ya moyo, daktari ajue mapema, maana maji mengi yanaweza kumlemea.

Nyumbani ndiko ninakokuogopa. Dawa hii inatapisha, na kutapika kunaweza kuendelea siku kadhaa. Akikaukiwa maji, figo zinaumia mara mbili. Vidonge vya kuzuia kutapika avinywe kama alivyoandikiwa, asingoje kichefuchefu kimshike. Anywe maji, uji mwepesi, supu, kidogo kidogo. Ikiwa kila anachokunywa kinarudi, au anaharisha sana, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo.

Na tafadhali, dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki na ibuprofeni asiziguse. Zinapunguza damu inayokwenda kwenye figo. Maumivu yakimzidi, aulize kliniki. Popote atakapotibiwa aseme yuko kwenye sisplatini, maana hata sindano ya antibiotiki ya jentamaisini inaweza kuzidisha madhara. Dawa za mitishamba nazo aziweke kando kwanza. Najua shangazi hatapenda, mweleze kwa upole.

Kreatinini ikipanda, daktari anaweza kuahirisha dripu, kupunguza dozi au kumhamishia kaboplatini, dawa ya jamii hiyohiyo ambayo haisumbui figo kiasi hicho. Msidhani wamemkatia tamaa.

Kila majibu yakitoka nipigie picha unitumie, hata usiku. Mama mpe shikamoo yangu, na dada mwambie nampenda.

Wako,
Neema