Ghorofa za Tanga zije na mitaro

Mhariri,

Tanga inaamka, nasi wakazi tunafurahi. Meli zilizokuwa zikitia nanga mbali na kushusha shehena kwenye matishari, yaani vyombo bapa vya kubebea mizigo majini, sasa zinafunga gatini, na bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapa kwetu Chongoleani. Ndiyo maana ghorofa zinachomoza hadi Ngamiani, kwenye barabara zetu za namba.

Tatizo ni maji. Nyumba ya Kiswahili inabomolewa, linasimama jengo la familia kumi, na majitaka yanaelekezwa kwenye mtaro uleule wa zamani, kama upo. Wanaotoa vibali vya ujenzi wadai kwanza mchoro wa majitaka, na wakague msingi ukiwa bado wazi, si jengo likishapakwa rangi.

Mkazi wa Ngamiani,
Tanga