Kuhusu Fasihi Linganishi Uliyoniuliza

Rafiki yangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara mbili, hasa pale unapouliza kama fasihi linganishi, yaani taaluma ya kulinganisha fasihi za lugha na tamaduni mbalimbali, inafaa kuwa somo lako dogo ilhali somo lako kuu ni uchumi. Inafaa, ila si kwa sababu uliyoitaja wewe, kwamba ni "kusoma riwaya tu".

Nami niliingia darasani na dhana hiyohiyo. Katika insha yangu ya kwanza niliziweka tamthilia mbili bega kwa bega, nikaorodhesha yanayofanana na yanayotofautiana, nikajiona nimemaliza kazi. Mwalimu aliirudisha ikiwa na maneno mawili pembeni: "Kwa hiyo?" Nilinuna wiki nzima, japo haki ilikuwa yake.

Jibu nililipata baadaye, kwenye jalada la kitabu. Jina la mchezo wa Shakespeare linamtaja mfanyabiashara mmoja wa Venice. Julius Nyerere, katika tafsiri yake ya mwaka 1969, aliuita *Mabepari wa Venisi*. Umoja umekuwa wingi. Isitoshe, bepari hapo kale alikuwa mfanyabiashara tu, lakini mwaka huo, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, neno hilo lilikuwa limekwisha kubeba lawama. Wasomaji wengi hudhani kwamba mfanyabiashara anayetajwa ni Shylock, kumbe ni Antonio. Wingi wa Nyerere unawatia wote wawili kapu moja, mkopeshaji na mkopaji. Ukiuliza tu kama tafsiri hiyo ni sahihi, utakuwa umelipita jambo lenyewe, kwa kuwa mlinganishi hutaka kujua matini imepitia mikononi mwa nani, na imefika huku ikiwa imebeba nini.

Nisingeliona hilo kama ningekuwa nasoma kwa lugha moja. Kwa hiyo, kwa kuwa kozi za somo dogo ni chache, nakushauri uanze na lugha ndipo uende kwenye nadharia. Nadharia utaikuta tu: watakusimulia jinsi Goethe, mwandishi wa Kijerumani, alivyozungumzia fasihi ya ulimwengu mwaka 1827 baada ya kusoma riwaya ya Kichina (kwa tafsiri, usisahau), kisha watakufikisha kwa mhakiki wa fasihi René Wellek, ambaye mwaka 1958 aliwalaumu wenzake kwa kuigeuza taaluma kuwa daftari la hesabu, taifa gani limekopa nini kwa jingine. Wewe mwanauchumi lawama hiyo itakuchekesha, na huenda ukawa na la kumjibu.

Jambo moja likuandae: utasoma polepole kuliko ulivyozoea, kurasa tatu jioni nzima huku kamusi ikiwa wazi, wakati wenzako wa uchumi wamekwisha kulala.

Ukijisajili, niandikie umechagua lugha gani.

Wako daima,
Mwenzako wa zamani wa dawati