Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: lifukieni shimo letu kabla hamjafungua jengine

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Barua zangu mbili za mwanzo nilizipitisha kwa Sheha, zikapigwa muhuri wa kupokewa, na nakala ninazo. Hii ya tatu naiandika hadharani kwa sababu Jumatano iliyopita mjukuu wangu wa darasa la tatu alitolewa majini, ndani ya shimo la mchanga lililo nyuma ya nyumba yetu. Alikuwa anafuata kandambili yake iliyoteleza. Ukingo ukamegeka chini ya miguu yake. Vijana waliokuwa wakichunga ng'ombe waliona mkono tu, na mmoja wao akajitupa na nguo zake. Mtoto yuko hai, alhamdulillahi. Lakini usiku anashtuka, anakohoa, anakamata shuka kwa mikono miwili.

Nakuomba, Mheshimiwa, ukumbuke siku uliyokuja kijijini. Ulivua viatu ukakaa nasi jamvini chini ya mwembe, na tulifurahi kwa heshima ile. Ulituambia kwamba mchanga ni mali ya Serikali lakini juu ya ardhi mtaendelea kuishi nyinyi, na kwamba mchimbaji akimaliza atarudisha udongo, atasawazisha na atapanda miti kabla ya masika. Tulipiga makofi, na mimi nilikuwemo. Tokea siku ile masika matatu yamepita.

Shamba lile, lilipo shimo sasa, marehemu baba alilipata baada ya Mapinduzi, katika zile eka tatu tatu walizogaiwa wakulima. Lilikuwa na minazi, mifenesi na muhogo, na chini bondeni tukilima viazi vitamu. Walipokuja kuchimba nililipwa fidia ya mimea. Minazi ilihesabiwa mmoja mmoja, nikatia saini. Udongo haukuhesabiwa. Ule udongo mweusi wa juu, ambao baba aliulisha samadi miaka yote, ulikwanguliwa kwa mashine ukasukumwa pembeni kama taka, na mvua ya kwanza ikauteremsha shimoni. Nimejaribu kupanda muhogo chini kule mara mbili. Umetoa majani ya manjano, na nilipong'oa nilikuta mizizi myembamba kama vidole vya mtoto. Sasa muhogo nanunua. Mimi, mtoto wa mkulima, nabeba kikapu kwenda sokoni kununua muhogo!

Kisima nacho kimebadilika. Sikupima kwa chombo chochote, ila nimekinywa tokea utotoni na ulimi wangu unajua. Visiwa vyetu havina mto mkubwa wa kutegemea. Mvua inazama katika mchanga na mawe, maji matamu yanakaa juu ya maji ya chumvi, nasi tunateka. Ukiondoa mchanga umeondoa chujio. Nadhani ndiko kulikotoka tope na ule ukakasi katika maji yetu. Kama nakosea, nileteeni mtaalamu apime mbele yetu sote. Hilo pia niliomba katika barua ya pili.

Sipingi ujenzi. Nyumba ya mwanangu imejengwa kwa mchanga, na skuli niliyosomesha pia. Lakini siku moja nilikaa barazani nikahesabu gari zilizopita zimejaa, tokea saa moja asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri: thelathini na saba. Wapakizi ni vijana wetu, wanashinda na mapauro juani, na fedha wanayopata inaishia kwenye chakula cha siku ile ile. Shimo likikauka mchanga, gari zinahamia kijiji chengine na vijana wanabaki wamekaa vibarazani. Zanzibar yote ni kilomita za mraba 2,654, na sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773. Hapa petu tutahamia wapi?

Nilisomesha jiografia miaka ishirini na sita, na kila mwaka niliwachorea wanafunzi kisiwa cha Nauru ubaoni. Kiko Bahari ya Pasifiki, kilomita za mraba 21 tu. Mwaka 1900 wageni waligundua kwamba ardhi yake imejaa fosfati, mbolea ya kulishia mashamba ya watu wengine, na baada ya miaka michache wakaanza kuchimba. Nauru ilipopata uhuru mwaka 1968 ikaendelea kuchimba wenyewe, na kwa muda watu wake walikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa duniani ukigawa pato kwa kichwa. Walijenga jumba la ghorofa 52 mjini Melbourne. Fosfati ilipopungua fedha zikayeyuka, na jumba likauzwa mwaka 2004. Karibu asilimia 80 ya kisiwa imechimbwa, na katikati pamebaki nguzo za mawe makali ambapo huwezi kulima wala kujenga. Watu wanakula vya makopo na mchele wa meli, na kisukari kimewaandama. Tokea 2001, kwa vipindi, wamekuwa wakipokea fedha za Australia kwa kuwaweka kisiwani watu wanaoomba hifadhi.

Lakini kilichonikaa moyoni zaidi ni hiki. Mwaka 1989 Nauru iliishitaki Australia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ikidai ardhi iliyochimbwa kabla ya uhuru itengenezwe. Mwaka 1993 wakapatana, na Australia ikakubali kulipa dola zake milioni 107. Mheshimiwa, fedha ile ililipwa na mashimo mengi bado yapo. Udongo ukishaondoka, hata mwenye kushinda kesi hana pa kuununua. Wanafunzi wangu walikuwa wakicheka, wakiuliza watu gani wanauza kisiwa chao kwa kilo. Sikujua kwamba jibu nitalitazama kila asubuhi kutoka dirisha la jikoni.

Mwezi wa Oktoba 2018 ulitiwa saini mkataba wa kutafuta mafuta na gesi kwenye kitalu cha Pemba na Unguja. Naomba kheri yake itufikie sote. Ila naogopa. Mchanga unachimbwa kwa pauro, unaonekana kwa macho, na ahadi yake imetushinda. Ya chini ya bahari nani atayafukia?

Sasa nasikia eneo la pili, upande wa pili wa barabara, karibu na madrasa, limeshapimwa. Vigingi tumeviona. Nakuomba usitie saini kibali hicho. Kwanza lifukieni shimo letu. Nilikuwa nikiomba pia miti, fidia ya kisima na njia ya gari itengenezwe. Yote hayo nayaweka pembeni leo. Lifukieni shimo. Liwekeni hata uzio wakati tunasubiri, lakini lifukieni.

Mimi na majirani tumechomeka vijiti ukingoni tukavifunga kamba ya usumba, urefu wa kiuno cha mtoto. Kamba ile haitavuka vuli.

Wako katika utumishi,
Mwalimu mstaafu, Kaskazini Unguja