Taa moja iliyokufa hulidanganya jicho usiku

Mhariri,

Madereva wengi huamini kwamba mwenye macho mawili mazima hupima umbali sawasawa. Kwa kutunga uzi kwenye sindano, ni kweli. Mboni za mtu mzima zimeachana kama milimita 63, kila jicho huiona sindano kwa upande wake, na ubongo hulinganisha picha hizo mbili ukajua sindano ilipo. Fumba jicho moja, kisha jaribu kugusanisha ncha za kalamu mbili. Mara nyingi utakosa. Lakini kwa kitu kilicho mita 300 mbele, tofauti ya picha hizo ni ndogo mno, na usiku haikufai kitu.

Gizani barabarani, dereva hutegemea zaidi nafasi iliyo kati ya taa mbili za gari linalokuja. Ubongo umeshazoea upana wa magari, kwa hiyo nafasi ikionekana ndogo huamua kwamba gari liko mbali. Hapo ndipo mambo huharibika. Chombo chenye taa zilizokaribiana kwa nusu ya kawaida, kikiwa mita 100, huonekana kama gari lililo mita 200. Gari lenye taa moja ni baya zaidi. Huku tunaendesha kushoto: ikifa taa yake ya kulia, ya upande wa dereva, utadhani ni bodaboda iliyojibana pembeni, kumbe ubavu wa gari uko gizani karibu na mstari wa kati.

Kasi nayo hujificha. Nafasi ya taa huongezeka maradufu gari likitoka mita 300 kufika 150, kisha maradufu tena kufika 75, safari hii kwa nusu ya muda. Ndiyo maana gari huonekana kama limesimama, mara liko usoni.

Sasa hesabu. Lori la mita 18 linakwenda 60, wewe 80. Kulipita, ukiacha mita 15 nyuma yake na 15 mbele, ni karibu sekunde 9. Anayekuja naye akiwa kwenye 80, nyinyi wawili mnameza karibu mita 400. Ukiona taa moja, huna namna ya kujua kama mita hizo zipo. Baki nyuma ya lori.

Kwa askari wa usalama barabarani: mnaposimamisha gari mchana kukagua stika na tairi, mwambieni dereva awashe na taa za mbele.

Mkufunzi wa udereva,
Morogoro