Namba zianzie moja kila kitongoji

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Juzi ofisi moja huku kwetu ilibandika ukutani majina ya watu wa mbolea, vitongoji vinne vimepangwa vizuri ila namba zimeenda moja kwa moja mpaka 212, sasa sisi tumeanzia 147 na kila mtu anauliza jamani kwetu tuko wangapi, mzee mmoja akaanza kuhesabu kwa kidole, akafika katikati simu ikaita, akaanza upya.

Nilipouliza kijana wa kompyuta akasema eti kuanzisha moja upya lazima aandike kwa mkono. Si kweli bwana! Kama kitongoji kiko safu A kuanzia mstari wa 2, kwenye Excel nenda safu ya namba, mstari huohuo wa 2, andika =COUNTIF($A$2:A2,A2) halafu vuta chini, basi, kitongoji kikibadilika namba inarudi 1 yenyewe. Hizo alama za dola usizisahau, ndo zinashikilia mwanzo wa kuhesabu. Na jina liandikwe vilevile kila mstari, maana ukigusa spesi mwishoni inadhani ni kitongoji kingine (herufi kubwa na ndogo haijali).

Orodha ya pili inabandikwa wiki ijayo, naomba yule kijana aijaribu njia hii.

Mkulima, Mbozi