Risala ya kikundi cha vijana wa mazoezi ya kuongea mbele za watu, Mtwara, kwa mgeni rasmi

Ndugu mgeni rasmi, viongozi wa mtaa, wazazi wetu na waalikwa wote, asalaam aleykum, bwana asifiwe, wakubwa shikamooni.

Asante sana kwa kuja kukaa na sisi hapa Shangani, tunajua msimu wa korosho ushaanza na kila mtu yuko mbio.

Mgeni rasmi, humu ndani kuna bodaboda, wauza samaki, mafundi cherehani, walimu wa kujitolea na wanafunzi, tunakutana jioni kwenye darasa la kuazima, kazi yetu kujifunza kusimama mbele za watu ukasema jambo lako mpaka wakubali. Mtaani wengi wanaamini kuongea ni kipaji, kama hujazaliwa nacho basi tena, sisi hilo tunalikataa kabisa mana tumewaona watu waliokuwa wanatetemeka na sahivi wakisimama wanasikilizwa.

Mazoezi yenyewe yako hivi, unaokota kikaratasi kwenye kofia, kina mada, labda bei ya mafuta ya boda au mabinti kuacha shule, unapewa dakika 2 bila kujiandaa. Mmoja anashika saa, mwingine ana kopo la bati, kila ukisema "aaaa" au "yaani" anadondosha kokoto, ngo! Mwanzoni lile kopo lilikuwa halinyamazi. Kushikiana saa na kuhesabiana hatukutunga sisi, klabu za Toastmasters zilizoanza Marekani mwaka 1924 ndo zinafanya hivyo mpaka leo, kokoto tu ndo zetu. Ukimaliza mwenzako anakukosoa, na hairuhusiwi kusema "umejitahidi" akakaa, lazima ataje sentensi gani imekaa vizuri na ipi imekuangusha.

Kwenye kushawishi tunafuata mambo matatu aliyofundisha Aristotle wa Ugiriki ya kale, watu wakuamini wewe mwenyewe, waguswe moyoni, na hoja isimame. Huku kwetu tunaona hilo la kwanza ndo zito kuliko yote, manake kwenye mkutano wa kijiji wanakujua toka mdogo, wanajua na unadaiwa na nani.

Mwenzetu mmoja, dada mkulima wa korosho, alikuwa akienda mkutano wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, anakaa nyuma kabisa na swali lake anarudi nalo nyumbani. Alivyoanza mazoezi aliangalia chini, anasokota ncha ya kanga, maneno yote malalamiko. Tukamwambia anza na risiti. Siku ya mkutano akainyanyua juu, akasoma kilo alizopeleka ghalani, akasoma hela iliyoingia, akasema "naomba nisomewe makato moja moja", akanyamaza. Huko kunyamaza ndo tulikofanyia mazoezi kuliko kitu chochote, mana mtu akiogopa anaongeza maneno mpaka swali linafukiwa humohumo. Makato yakasomwa, moja moja, wanachama wote wanasikia.

Hayati Mkapa, mtoto wa Lupaso kule Masasi, alishika kalamu ya gazeti miaka mingi kabla hajawa rais mwaka 1995, ndo mana na sisi kila hotuba tunaiandika kwanza.

Mgeni rasmi, tunaomba spika moja na maiki, darasa lenye taa la kudumu, na barua ya kututambulisha kwa wakuu wa sekondari za Tandahimba na Newala, vijana wetu wako tayari kwenda kufundisha bure, nauli tutachangishana wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.